Sahani ya Mzee Waitara

Baba yake Rhobi, Mzee Waitara, alishuka kwenye basi la Tarime Ijumaa saa sita kasoro robo, kofia ya pama kichwani, mkoba wa ngozi mkononi, na uso wa mtu ambaye ameshaamua. Nilimwona kutoka dirishani mwa mgahawa wangu, ng'ambo ya barabara, nikajificha nyuma ya pazia. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita!

Nilijua amekuja kunikataa. Hilo peke yake lisingenitisha sana. Nimeshakataliwa na wanawake wawili na seminari moja, na bado nakula nashiba. Kilichonitisha ni dumu la mafuta lililokuwa jikoni chini ya meza, na kitu nilichokitia ndani yake kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku mbili kabla, Rhobi alikuwa ameniwekea mambo wazi. Tulikuwa tumekaa nyuma ya mgahawa tukimenya vitunguu maji, machozi yakitutoka sote wawili, yeye ya vitunguu, mimi ya vitunguu na dhamiri.

"Tata anakuja kukuona kwa macho yake," alisema, akimtaja baba yake kwa Kikurya. "Akikubali, Athanas, mimi ni wako. Akikataa, siwezi kumvuka. Nilimvuka mara moja nilipokwenda Muscat, mama akafa mimi sipo. Mara ya pili siwezi."

"Atakataa kwa sababu mimi ni Mkatoliki?"

"Kwa sababu hiyo, na kwa sababu wewe ni Mngoreme, si Mkurya mwenzetu, na kwa sababu una upara mdogo hapa nyuma." Alinigusa kisogoni, akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mimi nimemwambia kitu kimoja tu. Nimemwambia, Tata, huyu mtu anaiheshimu imani yangu kuliko hata ndugu zangu. Njoo umwone."

Nikamenya kitunguu kimoja kwa muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Sasa nianzie pale nilipopaswa kuanza kuona aibu.

Mwanzoni mwa mwaka walikuja hapa Mugumu mafundi kumi na wawili kutoka Ufilipino, kufunga mitambo ya umeme wa jua kwenye hoteli mpya ya watalii inayojengwa kuelekea mbugani. Msimamizi wao, Bwana Ramil, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliingia kwangu akala wali na maharage siku tatu mfululizo. Siku ya nne akaweka kijiko chini, akaniambia kwa Kiswahili alichojifunzia Dar es Salaam, "Rafiki, wewe mtu mzuri. Lakini sisi tunalia. Tafuta mpishi wa chakula yetu, sisi wote tunakula hapa mpaka kazi inaisha."

Nikamtafuta. Mungu anajua nilivyomtafuta. Nililetewa jamaa aliyewahi kuosha vyombo kwenye mgahawa wa Wachina, akaniapia kwamba Mchina na Mfilipino ni mtu mmoja. Akapika tambi. Mafundi walizitazama zile tambi kwa heshima, kama tunavyotazama maiti, wakaondoka. Akaja dada mmoja na mapishi ya kwenye simu; simu ikaisha chaji nyama ikiwa motoni. Nilikuwa nimekata tamaa siku nilipokwenda Tarime kununua viti, nikapita mtaa wa Nkende, nikamwona mwanamke anakaanga kitu kama sambusa iliyonyooshwa.

"Hiki ni nini, dada?"

"Lumpia."

"Ya wapi hiyo?"

"Ufilipino. Kula kwanza, maswali baadaye."

Nikala. Ilivunjika mdomoni, ndani karoti na nyama na pilipili manga, na mwanamke mwenyewe ananitazama kwa macho ya mwalimu anayesubiri jibu. Sitaki kuwachosha. Viti nilisahau kununua.

Rhobi alikuwa amefanya kazi Muscat miaka minne, katika nyumba moja na mpishi wa Kifilipino aliyeitwa Luz. Luz ndiye aliyemfundisha kila kitu: adobo, ile nyama ya siki na sosi ya soya, sinigang, ule mchuzi mchachu ambao huku kwetu aliupika kwa ukwaju na sato, na hizo lumpia. Lakini ile ilikuwa nyumba ya Waislamu, na Luz alipika chakula cha kwao bila nguruwe. Kwa hiyo Rhobi alijifunza Kifilipino kisicho na nguruwe, na hilo lilimfaa sana, maana yeye ni Msabato wa kuzaliwa, binti wa mzee wa kanisa wa Nyakunguru.

"Masharti yangu matatu," aliniambia siku ile ile, nilipomwomba aje Mugumu kunipikia. "Nguruwe sipiki. Damu sipiki. Na Jumamosi sifanyi kazi, hata aje rais."

"Jumamosi ndiyo siku wageni wa mbugani wanapita kwa wingi."

"Basi tafuta mwingine."

Sikutafuta mwingine. Na Jumamosi ya kwanza, kufungua mgahawa bila yeye nikaona hakuna raha, nikafunga. Ya pili nikafunga. Kufika ya tatu nikabandika karatasi mlangoni: Jumamosi tumefunga. Mama yangu, Philomena, akanipigia kutoka kijijini kuniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia ndiyo.

Rhobi aliisoma ile karatasi asubuhi ya Jumapili. Siku hiyo alinipakulia mwenyewe, akasimama kunitazama nikila, na tangu hapo kila chungu kilipoiva alinijia na kijiko, mkono wa pili chini yake kukinga matone. "Onja." Nikionja, ananitazama mdomo. Nikimeza, ananitazama macho. Jamani, hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile.

Tatizo ni mafundi. Walikula, walishukuru, wakabakiza. Siku baada ya siku sahani zilirudi jikoni na nusu ya chakula, na Rhobi akizipokea na kuzikung'uta. Ramil akanivuta pembeni. "Dada anajua," alisema. "Lakini kuna kitu hakuna. Mama yangu anakaanga na mafuta ya nguruwe. Chakula hii inaongea, lakini haina sauti."

Jumatatu moja nikamkuta Rhobi amekaa kwenye ndoo, aproni usoni, analia.

"Narudi Muscat," alisema. "Wakala amenipigia tena. Hapa nakutia hasara tu. Mimi si mpishi, Athanas. Mimi nilikuwa namwangalia Luz akipika, nikadhani najua."

Nyuma ya stendi kuna Sylvester anayeuza kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga. Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwake, nikamwomba mafuta yaliyochujwa, yale meupe. Alinipa kwenye ndoo ndogo, akaniuliza ya nini. Nikamwambia ya kupaka mlango unaolia. Nikayachanganya kwenye dumu letu la mafuta ya kupikia, nikalirudisha chini ya meza.

Nilijiambia nafanya vile ili asiondoke. Baadaye nilijiambia ni kwa ajili ya mafundi. Ukweli ni yote mawili, na hakuna hata moja linaloniosha.

Kesho yake Ramil alitia lumpia mdomoni, akafumba macho. Akasema neno kwa lugha yao. Wenzake wakaacha kuongea, wakala, wakaomba tena, na walipomaliza wakagonga meza kwa mikono mpaka glasi zikaruka. Mmoja alikuwa analengwalengwa na machozi. Rhobi alikimbilia jikoni, mimi nikamfuata, na pale katikati ya moshi akanirukia shingoni.

"Nimeweza! Athanas, nimeweza! Umeona? Umeona sahani?"

Hilo ndilo kumbatio letu la kwanza. Lilitoka kwa Sylvester.

Rhobi alisema mafuta ya safari hii ni mazuri, yanakausha vizuri. Asubuhi zikiwa na baridi aliniuliza mbona yameganda juu. Nikamjibu kwamba mafuta ya mawese huganda hivyo. Akaniamini. Na kila siku akaonja, kwa sababu mpishi ni lazima aonje, kisha akanijia na kijiko, "Onja," nami nikaonja nikimtazama machoni. Wiki tatu. Sabato tatu alivaa gauni lake la bluu akaenda kanisani. Ya tatu ilikuwa Meza ya Bwana, siku wanayooshana miguu kabla ya kushiriki, na alirudi anameremeta kwa furaha. "Najisikia msafi mpaka kwenye mifupa," aliniambia. Usiku huo sikulala.

Baada ya hapo niliapa nitaacha. Mzee anakuja Ijumaa. Ijumaa asubuhi nitalimwaga dumu, nitaliosha kwa maji ya moto na sabuni, nitatia mafuta mapya, na hakuna atakayejua mpaka siku ya kufa kwangu. Nawaambia mambo yalivyo: kukiri hakukuwa kwenye mpango.

Nikafika saa kumi na mbili na nusu. Jikoni kulikuwa kumeshanukia. Nilikuwa nimesahau kitu ambacho mtoto mdogo wa Kisabato asingesahau. Ijumaa ni siku ya maandalio. Kila kitu kinatakiwa kiwe kimekwisha kabla jua halijazama, kwa hiyo Ijumaa Rhobi huanza kupika alfajiri. Lumpia arobaini zilikuwa zimekaa kwenye chujio, za dhahabu, na adobo ya ng'ombe ilikuwa imeshakaangwa na kutiwa siki.

"Leo umewahi!" alisema. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. "Njoo uonje. Hizi zilizonona ni za Tata."

"Rhobi, kwa nini tusimpikie mzee ugali na sato? Wa kuchemsha. Mzee wa watu ametoka mbali, tumbo..."

"Ugali amekula miaka sitini na minane. Anataka kujua nilikwenda Uarabuni kufanya nini. Nitamwonyesha kwenye sahani."

"Basi nikamnunulie kuku, nichome mwenyewe..."

"Athanas." Aliniwekea kiganja kifuani. "Unaogopa. Moyo wako unapiga kama mashine ya kusaga. Usiogope, Tata akionja hiki, atakubali."

Mpaka karibu saa sita nilikuwa sijapata njia nyingine, ndipo tulipomwona mzee akivuka barabara.

"Shikamoo, mzee," nilisema mlangoni, nikipokea mkoba wake kwa mikono miwili.

"Marahaba. Wewe ndiye Athanas?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mrefu." Alivua kofia, akatazama meza zangu saba, kuta, kalenda, na mwisho karatasi ya mlangoni. Akaisogelea akaisoma kwa sauti ya chini. "Hii uliandika wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tatu."

Akaitikia kwa kichwa, akakaa. Rhobi alitoka jikoni akapiga goti kumsalimia, wakaongea Kikurya kidogo, akamshika kichwa kama mtoto. Baba na binti walikuwa hawajaonana tangu Pasaka. Rhobi akarudi jikoni kupakua, na alipopita kwangu akanikonyeza.

"Kaa, mura," Mzee Waitara alisema, akiniita kijana kwa Kikurya. "Nikwambie kilichonileta. Mimi nilikuja kukukataa."

"Najua, mzee."

"Unajua? Vizuri. Sisi kwetu binti haolewi na mtu ambaye siku yake ya ibada ni nyingine. Watoto watakwenda wapi? Jumamosi kwa mama, Jumapili kwa baba, siku nyingine wanakwenda kuchunga. Hawatakuwa na Mungu, watakuwa na ratiba." Alifuta uso kwa leso. "Ndugu zangu wote wamesema nikatae. Mchungaji amesema nikatae. Kwenye basi nimekuja nikipanga maneno ya kukataa, mazuri, ya kukusaidia usiumie."

"Asante, mzee."

"Usinishukuru, sijayasema. Nimekuta hiyo karatasi." Aliielekeza kidole. "Nilidhani binti anakupamba, mwanamke akipenda hupamba. Mimi nilikuwa na duka miaka kumi na moja pale Nyakunguru. Najua kufunga duka siku wateja wanapita ni nini. Hata Wasabato wengine wanafungua mlango wa nyuma. Wewe si Msabato, na umefunga mlango wa mbele na wa nyuma. Kwa nini?"

"Kwa sababu yake."

"Ulitaka akupende?"

"Nilitaka asione kwamba imani yake inanisumbua."

Na hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana liliniuma vile. Karibu yote niliyomfanyia yule mwanamke yalikuwa ya kweli, na lile moja lilikuwa limekaa chini yao likiyaozesha.

Mzee Waitara akafanya kitu ambacho sikukitegemea: akanyoosha mkono juu ya meza, akanishika wa kwangu.

"Mtu anayelinda siku ya Mungu ya mwenzake, huyo siwezi kusema ni mpagani. Masuala ya kanisa tutayaongea, hayaishi leo. Lakini ya ng'ombe tunaweza kuanza. Una wazee wa kuwatuma?"

"Ninao," nilisema, na sauti ikanitoka kama ya mgonjwa.

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, mzee. Nimefurahi sana."

Rhobi akaja na sinia. Aliweka sahani mbele ya baba yake kwa mikono miwili: wali, adobo inang'aa, lumpia tano zimepangwa, na kachumbari pembeni. Akamnawisha. Akarudi nyuma hatua moja, mikono imefumbata kitenge, na uso wake, jamani, uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Tata, hiki ndicho chenyewe. Hiki ndicho wale watu walinililia."

"Kinanukia. Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Mimi niliinamisha, macho sikufumba. Mzee aliomba kama wanavyoomba watu wa zamani, bila haraka. Alimshukuru Mungu kwa safari. Alimkumbuka marehemu mkewe, kwamba angekuwepo aone. Akashukuru kwa mikono safi ya binti yake iliyoandaa chakula safi. Kisha akanitaja. "Na huyu mtumishi wako Athanas, ambaye ameiheshimu Sabato yako kabla hajaijua, umbariki yeye na nyumba yake."

"Amina," alisema Rhobi.

Mzee alichukua lumpia kwa vidole, akaigeuza kuitazama, akafungua mdomo.

Niseme nini? Ningekaa kimya sekunde tatu, angekuwa baba mkwe wangu.

"Mzee, usile."

Mkono ukasimama. "Kuna nini? Kimeungua?"

Rhobi alicheka. "Athanas, una nini wewe leo?"

"Mafuta," nilisema. "Mafuta ya kukaangia. Yana nguruwe."

Mzee Waitara aliirudisha lumpia kwenye sahani taratibu, akavifuta vidole kwenye leso, kimoja kimoja. Rhobi alinitazama mimi, akaitazama sahani, akanitazama tena, na nikaona akili yake ikikimbia huku na huko kunitafutia njia. Akaipata.

"Wamekuuzia!" alisema. "Tata, wamemdanganya dukani. Si unaona wafanyabiashara wa siku hizi, wanachanganya chochote. Ndiyo maana yalikuwa yanaganda! Nani amekuuzia, Athanas? Umejua leo, si ndiyo? Umejua leo asubuhi, ndiyo maana ulikuwa unahangaika na mambo ya ugali." Alinigeukia, macho yananibembeleza. "Sema."

Mlango ulikuwa wazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua na kunishikia. Ningesema ndiyo, mzee angenihurumia, Rhobi angenililia, na mwenye duka mmoja ambaye hayupo angebeba dhambi yangu.

"Hapana, Rhobi. Niliyaweka mimi."

"Uliyaweka... kwa bahati mbaya."

"Kwa makusudi. Niliyanunua kwa Sylvester."

Akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa tu, na kwa bahati kiti kilikuwepo.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumatatu uliyolia."

Nilimwona akihesabu bila kusogeza midomo. Najua alichokuwa anahesabu. Alipofika kwenye Meza ya Bwana nilijua, maana aliitazama miguu yake.

"Mura," Mzee Waitara alisema. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Nilipokuwa kwenye basi nilikuwa na maneno mazuri ya kukukataa. Yamenitoka yote. Sasa sina hata moja." Akasimama, akavaa kofia. "Sahani hiyo iondoe mwenyewe. Binti yangu asiiguse. Rhobi, mimi nasubiri nje. Leo tunalala kwa Mzee Amos, wa kanisa la hapa."

Akachukua mkoba wake. Nilikimbilia kumsaidia, akaupitisha mkono wa pili.

Rhobi aliingia jikoni. Nilimfuata, nikasimama mlangoni kama mgeni. Alizima jiko. Alinawa mikono, akatia sabuni, akanawa tena. Akanawa mdomo. Akajifungua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza, yote hayo bila kunitazama.

"Rhobi, sikuwa na nia mbaya. Ulisema unarudi Muscat. Nilichanganyikiwa. Nilifikiri mara moja tu, upate moyo, halafu..."

"Halafu?"

"Halafu ukafurahi vile. Nikashindwa kukurudisha nyuma."

"Kabla hujayaweka." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mwezi ule wa kwanza. Chakula changu kilikuwa kizuri?"

"Mimi nilikipenda."

"Sikuulizi wewe. Wao."

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshajipanga. "Walikuwa wanabakiza," nilisema. "Ramil alisema kuna kitu hakipo."

"Alikwambia wewe."

"Ndiyo."

"Wewe hukuniambia mimi."

"Sikutaka uumie."

"Mimi ni mpishi, Athanas!" Ndipo alipolia, na alilia kwa hasira, anajifuta kwa mgongo wa mkono kama anayemfukuza nzi. "Mpishi anaambiwa hakijanoga, anarudi jikoni, anajaribu tena. Ningejaribu mafuta ya ng'ombe. Ningejaribu ufuta. Ningempigia Luz! Mara ishirini, mara thelathini, ningeipata. Wewe ukaona bora nidanganywe kuliko nikosee. Nimekwenda kanisani nikamshukuru Mungu kwa mikono yangu, kumbe..."

"Mikono ni yako. Lumpia ni zako. Mimi..."

"Usianze tena. Tafadhali."

Nje nilisikia gari la mafundi likiegeshwa, na sauti kubwa ya Ramil ikimsalimia Mzee Waitara kwa Kiswahili chake, na mzee akiitikia kwa adabu.

"Nakupenda," nilisema. Nilijua siyo wakati wake, lakini nilikuwa sina kingine. "Adhabu yoyote utakayosema naikubali. Nitakwenda Nyakunguru kwa magoti. Nitasimama mbele ya kanisa lenu niseme nilichofanya. Sema tu."

Alichukua pochi yake kwenye msumari. Alisimama mbele yangu, karibu kama alivyokuwa akisimama na kijiko, na akanitazama machoni vile vile, mpaka nikatamani kuinamisha uso.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja, na usinijibu leo, maana ukinijibu leo utanidanganya. Baba yangu umemjua nusu saa. Nusu saa tu. Ukashindwa kumtazama akila, ukapaza sauti kabla hajauma." Aliishika pochi kwa mikono miwili. "Mimi unasema unanipenda. Mbona mimi uliweza kunitazama wiki tatu?"

Akanipita. Harufu ya siki na vitunguu saumu ikapita naye. Mafundi walimpisha mlangoni, wakimwamkia kwa furaha, "Dada Rhobi! Dada Rhobi!", naye aliwaitikia kila mmoja. Baba yake alikuwa amesimama juani. Rhobi alimpokea mkoba, wakavuka barabara, na jina lake lilikuwa mdomoni mwangu lakini sikuthubutu kuliita.